Mama Wawili wa Kichwani

Mke mwenzangu Mwanaidi, mjukuu wangu,

Shikamoo yangu utanipa tukikutana, usidhani kufa kumekuondolea adabu. Mimi bibi yako nasema, Zena mdogo wako anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinirembee.

Serikali imetuhamisha kijiji. Siku hizi tunakaa kando ya barabara, upande wa Kimamba, nyumba zimepangwa mistari kama mkonge. Mliobaki kule makaburini ni wewe na babu yako. Msigombane. Nikienda shambani nawapitia.

Sasa sikia. Siku ya kumaliza matanga yako, Selemani mjomba wako, mwanangu niliyemzaa mwenyewe, alisimama akasema vitabu vyako vya uuguzi vichomwe, na Zena asiende chuoni, aolewe. Eti ulizitaja mno ngozi za ubongo, ndipo homa ya uti wa mgongo ikaja kuzishika ngozi hizo hizo. Eti umejiitia. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata mama yako alinyamaza.

Mimi nilikuwepo ulipozitaja. Ulikuwa likizo, umekaa kwenye lile gogo, unasoma kwa sauti, na mimi natwanga. Duramata, mchi unaitikia. Piamata, mchi unaitikia. Nikakuuliza huyo mata ni nani, mbona kila mahali yupo.

"Mata ni mama, bibi. Ni Kilatini."

Ukanieleza. Ngozi ya juu, nene, inayogusa fupa la kichwa, waliiita mama mgumu. Ya ndani kabisa, laini, iliyoukumbatia ubongo wenyewe, mama mpole. Na mji wa mimba wakauita matriksi, kwa mama huyo huyo. Na wodi ya wazazi, matenite, mama huyo huyo tena. Nikasema watu hao walilelewa vizuri. Ukasema walishakufa zamani wote, lugha yao haina mwenyewe. Nikakujibu, "Mama yao hajafa, si huyu unamtaja?" Ukacheka mpaka kitabu kikaangukia kwenye pumba.

Kitabu hicho ndicho walichotaka kukichoma. Pumba bado zimo ndani.

Nikasimama. Nikamwambia Selemani mimi nataja malaria kila masika tangu sijaota matiti, mbona bado natwanga? Homa uliipata wodini, kwa kuwalisha wagonjwa ambao ndugu zao walikimbia. Hukuita kitu wewe. Wagonjwa ndio waliokuita, ukaenda.

Akasema, "Mama, watoto wa dada yangu kauli ni yangu."

Kweli, kwetu kauli ni ya mjomba. Lakini jina la marehemu kwetu halizikwi, na anayelirithisha ni bibi mzaa mama. Na mwenye kurithi jina anarithi na kazi. Babu yako alirithi jina la mfua vyuma, akafua vyuma maisha yake yote, na alikuwa anaogopa moto. Selemani anajua, ndiye aliyekuwa anavukuta mivukuto ya moto huo.

Basi nikamkalisha Zena mkekani, nikamvika kanga yako, nikampaka unga kwenye paji, nikamwita Mwanaidi mbele ya watu wote. Halafu nikampakatisha vitabu.

"Haya, choma. Mwenyewe huyu hapa, muombe."

Selemani aliangalia miguu yake. Ndipo mama yako akanyanyuka, akaja kukaa mkekani ubavuni kwa mwanawe. Mambo yakaishia hapo. Selemani alikula ubwabwa wake, akaomba ukoko.

Huyu anayeandika anapanda treni ya chuoni wiki ijayo. Naona machozi yanamdondokea kwenye karatasi. Nimemwambia aendelee tu, wino ukivuja utajua mwenyewe palisemwa nini.

Mwanangu, sikuzoea nyumba isiyo na sauti yako. Sijazoea na sitazoea, wasinihimize.

Gogo lako tulipohamishwa nililibeba kichwani. Walinicheka njia nzima, bibi kaacha vyungu kabeba gogo. Liko uani kwangu, atalikalia Mwanaidi akija likizo. Nakuahidi halitatiwa jikoni hata kuni zikikosekana kijiji kizima. Na mpaka arudi, kila alfajiri nitatwanga nikiyataja majina yako yale, kwa sauti kubwa. Duramata. Piamata.

Selemani nyumba yake ni ya pili kutoka kwangu. Anasikia vizuri.

Lala, mke mwenzangu.

Bibi yako