Alama Mbili za Mashine ya Nyangwine

Kenyamonta,
Mugumu,
Serengeti.
18 Agosti 2019.

Mpendwa shemeji Benedicto,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na herufi hizi nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu. Hujambo? Shemeji mke wako hajambo? Baridi ya Songea imepungua? Na lile goti lako la kushoto? Mimi mwili ni mzima. Bado naswaga ng'ombe mpaka mnadani, na vijana wanabaki nyuma.

Kwenye simu nilikuambia dada yako Nyangwine kachukuliwa na kifua. Ni kweli, lakini nilisema nusu.

Unajua miaka aliyoponda mawe ya dhahabu kule machimboni Tarime. Vumbi lilikaa ndani. Daktari akasema sasa apumulie mashine ya oksijeni. Nikainunua kwa Masalu, mchimbaji, maana baba yake aliyeitumia alikuwa amefariki. Ilikuwa na boksi lake. Nikapitia zahanati wanipe mpira wa puani.

Nesi Rahima akaelekeza simu kwenye ile mistari myeusi iliyobandikwa kwenye boksi, halafu kwenye mashine. Akasema mzee, alama hazilingani, boksi ni la mashine nyingine, na hii yenyewe ni katika zile zilizotakiwa kurudishwa kwa ubovu. Iache hapa, Alhamisi naletewa nzima kutoka Mugumu.

Shemeji, unanijua. Ng'ombe wa kijiji kizima wakichanganyika mtoni, mimi natoa wangu kwa kutazama alama ya moto tu. Siku naleta mahari kwenu, mzee wenu alibisha kuwa dume moja si langu. Nikamwonyesha alama, akalipokea. Basi nikaweka boksi kando ya mashine nikapitisha kidole: mstari mnene, mwembamba, mwembamba, mnene.

"Binti, hii ni alama moja. Nilianza kusoma alama mama yako hajaolewa."

"Mzee, hii si ng'ombe."

Nikaifunga kwenye bodaboda nikaondoka.

Nyangwine aliponiona alicheka, "Mwenye macho amerudi." Mashine ilinguruma vizuri. Yeye anasema hewa haifiki, mimi namwambia vuta, mama Wangwe, vuta kwa nguvu. Siku mbili. Jumatano mchana akaacha kuvuta.

Alhamisi Rahima alikuja na mashine nyingine, akatukuta tunachimba kaburi. Akanipa pole. Afadhali angenitukana.

Wangwe anakusalimu. Binti yetu Domitila naye, ingawa mimi baba yake hanisemeshi. Wasalimie wote wa nyumba yako. Mungu akupe wewe ile miaka iliyobaki ya dada yako.

Nimezibandua karatasi zote mbili, ya boksi na ya mashine, zimo humu kwenye bahasha. Wewe ni mwalimu. Zitazame, unionyeshe zimeachana wapi. Mimi nimezitazama mpaka macho yanatoka maji, na hata leo naona ni alama moja.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda hata ukinikataa,
Tomaso.