Siku Baba Alipozipigia Hodi Seli Zake

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yameacha kukusumbua kwenye zile ngazi za kazini kwako. Shuleni tulifundishwa kuandika "sisi huku hatujambo", lakini wewe ungejua mara moja kwamba nakudanganya, kwa hiyo niseme tunaendelea. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la vitambaa. Kifutio, mdogo wangu, kang'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi kila akisema "sasa", basi kutwa nzima ni sasa, sasa, sasa.

Kwenye simu uliniuliza dawa ya Baba inafanyaje kazi, nami nikasema "sijui vizuri" nikampa Mama simu. Nisamehe. Ninajua. Mbele ya watu maneno hunikauka, si bure wakaniita Kimya. Nikishika kalamu ndipo ulimi unafunguka.

Nianze na harufu. Tangu kabla ya upasuaji wa kichwa, Baba huacha kushona ghafla na kuuliza, "Nani kaacha pasi? Nguo inaungua!" Tunakimbia. Pasi ni ya baridi, imesimama mahali pake, waya umezungushwa. Daktari alisema harufu hiyo haiko chumbani, iko kichwani; uvimbe unagusa sehemu ya ubongo inayotambua harufu. Lakini Shangazi, ukiambiwa kila siku kwamba nguo inaungua, pua yako nayo huanza kutii.

Uvimbe wote haukutoka. Sehemu moja imejisokota pasipogusika. Kile kipande kilichotolewa walikipeleka maabara ya hospitali, wakakilisha, seli zake zikaota. Maana yake Baba anapokunywa chai hapa mezani, yeye huyohuyo yuko pia upande wa pili wa mji, ndani ya kabati lenye joto la mwili, anaongezeka. Nikiwaza hilo darasani mwalimu huniita mara mbili.

Dawa zilijaribiwa kwanza kwenye seli hizo, na moja ikafaa. Daktari akataka Baba aanze mara moja, kwa kuwa uvimbe uliobaki hausubiri mtu. Baba akakataa. Si unamjua kaka yako? "Sijawahi kukata kitambaa nisichokishika," akasema. "Nionyesheni kwanza." Mama alilia, daktari akatazama dari. Mwishowe wakamkubalia. Nikaenda kuwa mkalimani, maana kule wanazungumza lugha ya shule, na Baba anaijua ya kuulizia vifungo tu.

Aliyetupokea maabara nimempa jina Dada Glavu, kwa sababu mpaka leo sijaona vidole vyake. Chumba kilikuwa na baridi, na kabati lilinguruma taratibu kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Baba alisimama mbele ya kabati, akavua kofia, akasema, "Hodi."

Alisema kwa upole, kama anavyoingia nyumba za wateja. Dada Glavu akaniuliza kasema nini. Nikamwambia anaomba ruhusa ya kuingia. Nilidhani atacheka. Alilitazama kabati kidogo kabla ya kulifungua.

Sahani zilikuwa mbili, ndogo kama vifuniko vya mikebe ya mafuta ya kujipaka. Moja imetiwa dawa. Ya pili haitiwi kitu. Huachwa hivyo hivyo ili wajue ni dawa iliyofanya kazi, si bahati. Hayo niliyatafsiri. Kisha tukafika penye maneno magumu, kifo kilichopangwa, ulimi ukaniganda. Nikakumbuka bandi, ule uzi wa muda anaoupiga Baba kabla ya kushona, halafu akauvuta.

"Baba," nikasema, "kila seli inazaliwa na uzi wa bandi ndani yake. Ikiharibika, uzi unavutwa, inajifumua. Hizi zako zimepiga fundo ili uzi usivutike. Dawa haizichomi. Inakata fundo."

"Halafu nani anavuta?"

Nikamwuliza Dada Glavu. "Zenyewe," nikamjibu Baba.

"Zenyewe!" Akatikisa kichwa. "Basi zina utii kuliko watoto wangu."

Dada Glavu alikuwa amezipiga picha tangu asubuhi, akatuonyesha picha hizo zikikimbia mfululizo kwenye skrini. Nilitarajia vita, Shangazi. Hapakuwa na vita. Seli moja ilinywea, ikatoka mapovu pembeni kama maziwa yanayotaka kuchemka, ikagawanyika vifurushi vidogo vidogo, kila kimoja kimefungwa. Hakuna kilichomwagika. Ya jirani ilikuwa imetulia tu. Halafu nayo ikaanza. Mwilini, alisema Dada Glavu, vifurushi hivyo huliwa na seli nyingine mpaka havibaki. Ilikuwa kama kutazama watu wakifunga mizigo yao, mmoja baada ya mwingine, katika nyumba isiyo na sauti.

Sahani ya pili ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Seli zilikuwa zimenyoosha mikono mirefu, zimeshikana. Baba aliinamia hadubini akaiangalia hiyo muda mrefu kuliko ile ya kwanza.

"Na hizi zitaishi mpaka lini?"

Dada Glavu akaeleza kwamba zikilishwa hazizeeki. Nyingine watazigandisha, na huenda zikaamshwa miaka mingi ijayo, sisi sote tukiwa hatupo. Nikamgeukia Baba nikasema, "Siku chache."

Naungama kwako kwa sababu kwa Mama siwezi. Mengine yote nilimwambia bila kupunguza: kwamba sahani si kichwa, kwamba ubongo una mlango wenye walinzi na dawa nyingi hurudishwa nje. Hilo moja tu ndilo lililonishinda.

Tulipofika nyumbani alikaa kutunga uzi kwenye sindano, akasema bila kuniangalia, "Kimya, yule dada kazungumza kwa kirefu, wewe ukanipa maneno mawili. Kitambaa kilichobaki umekipeleka wapi?"

Nililia, nikamwambia lote. Alimaliza kutunga uzi. Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani. "Kumbe nitabaki. Tena upande wangu mkaidi!" Akaomba maji, akameza dawa kwa mara ya kwanza.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Daktari anasema ni mapema mno, tusubiri picha ya kichwa mwezi ujao. Lakini tangu juzi Baba hajauliza habari ya pasi. Hakuna anayethubutu kulitaja jambo hilo. Kila mtu anafanya shughuli zake huku ananusa. Nikimtazama usoni nawaza kwamba labda hivi sasa, nyuma ya paji lile, mizigo inafungwa. Na kule kabatini seli za sahani ya pili hazina habari, zinaongezeka.

Tafadhali mpigie. Kwamba anaogopa hatamwambia mtu, ila wewe dada yake. Tena dawa ni ya miezi, si ya siku moja.

Mama anakusalimu sana. Kifutio anasema "sasa". Baba anasema gauni lako limebaki vifungo tu, hatalituma, uje ulijaribu mwenyewe. Wasalimie watoto wako mapacha na yule jirani yako mpishi.

Nilikuwa nafunga barua hapa, nikasikia harufu ya nguo inayoungua. Nimeshuka mbio. Baba amesinzia kitini, mdomo wazi kidogo, uso umetulia, hajauliza kitu. Mama na Kifutio wako nje. Pasi nimeishika kwa kiganja kizima.

Ni ya baridi.

Mungu akulinde kwenye ngazi zako, na atulinde sisi kwenye zetu.

Wako akupendaye, hata anapokosa la kusema,

Kimya