Mwezi wa Kijani

Kawe, Machi 1994

Wifi yangu Ahlam,

Tu wazima, ila umeme ni wa mgawo.

Umeniomba niwagawe samaki wa marehemu kaka yako, nihamie kwenu Tanga. Nilikaribia kukubali, maana tangu tumzike walijificha kwenye matumbawe ya tangini mwao, hawali. Kisha nikakumbuka Thuwaini alitaka kuwatengenezea mbalamwezi, akafa kabla. Nikang'oa vitaa vya kijani kwenye redio yake mbovu, nikaviunga na betri, nikavibandika juu ya tangi la kioo.

Magharibi umeme ulipokatika, jirani yangu Zubeda aliona dirisha langu la kijani. Akaja mbio na chetezo cha ubani.

"Toka, jini!"

"Shoga, huo ni mwezi wa samaki."

"Mwezi gani wa kijani? Umeota kuvu?"

Samaki wakatoka wote. Zubeda akaweka chetezo chini, akakaa. Siku hizi umeme ukikatika mtaa mzima uko sebuleni kwangu, na yeye ndiye anayepanga mikeka.

Jana nilicheka sana, nikageuka nimwambie Thuwaini. Hapo tu ndipo pananishinda.

Siji, wifi. Njoo wewe, na betri.

Wako,
Hayat