Mshiriki wa Saba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole tena kwa msiba wetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umepoa, ingawa najua ukishakaa kwenye cherehani husikii la mtu. Wapwa zangu je? Yule mdogo bado anakataa kuvaa viatu? Mimi afya ninayo, ila moyo haujatulia. Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe unalia, mimi nanyamaza, tunakata hivyo hivyo.

Tasnifu yangu ya uzamivu imechapwa, na nakala yako ndiyo hii. Miaka mitano, dada! Ulikuwa ukinicheka kwamba nimekwenda kusomea jinsi nyani anavyotembea wakati nyani mwenyewe wala hana habari, nami nakusahihisha kila mara kwamba si nyani, ni sokwe.

Tulikuwa na sokwe jike mzee tuliyemwita Bi Mkubwa. Mtunzaji akimjaza matunda mikono yote miwili, anasimama na kwenda hatua sita saba kwa miguu miwili, magoti yamekunjika, mwili unayumba, na hadondoshi hata tunda moja. Baada ya kumrekodi yeye tuliwaita watu, vijana kwa wazee, tukawabandika vibandiko vyeupe kwenye mabega, viwiko, nyonga, magoti na vifundo, wakapita mbele ya kamera. Kompyuta huchukua vile vibandiko tu. Mtu mwenyewe haonekani.

Wazee walikuwa wachache. Ndipo Baba akaja kunitembelea, na ile kaptura ya kahawia uliyomshonea kwa ajili ya safari. Weee, alivyotamba siku ile! Alimwambia fundi wa kamera amchukue upande wake mzuri, akataka kujua kati yake na Bi Mkubwa nani ana madaha zaidi. Alipita mara sita, na kila akifika mwisho aligeuka akatupungia mkono.

Ni mkono wa kulia aliopunga. Wa kushoto ulining'inia tu, haukwenda mbele na nyuma kama wa watu wengine, na mguu wa kushoto ulipiga hatua fupi, unyayo ukiburutika. Niliyaona hayo kwenye kompyuta wiki ile ile. Msimamizi wangu naye aliyaona, akaniuliza kama mzee huyu amewahi kupimwa, maana ule haukuwa uzee peke yake. Nikamjibu kwamba nitafuatilia.

Lakini dada, Mungu anisamehe, kilichonikera siku ile ni kwamba Baba alikuwa ananiharibia wastani wangu. Nikamtoa. Fungua ukurasa wa themanini na nne, chini kabisa, utasoma kwamba mshiriki wa saba aliondolewa kwa kuwa mwendo wake haukuwa wa kawaida. Ndiye yeye. Baadaye kazi ikanibana nikasahau. Hapana, sikusahau, niliahirisha, ikapita miaka miwili.

Alipoanguka, daktari alitueleza kwamba ugonjwa uliomharibia mwendo huanza polepole, na ukijulikana mapema kuna dawa na mazoezi ya kumsaidia mtu asianguke. Kisha akauliza mwendo wa Baba ulianza kubadilika lini. Wewe ulisema hujui, ukajipiga kifua, ukalia kwamba umekaa naye kila siku na hukuona kitu. Mimi nilikuwa kando yako, jibu ninalo, mpaka na tarehe yake. Nikaangalia viatu vyangu.

Nasikia kila anayekuja kutoa pole unamwambia Baba alikufa kwa sababu ulitoka kuanua nguo. Acha, dada yangu. Wewe ulikuwa uani dakika tano. Mimi nilijua miaka miwili. Waambie hivyo, na baba mdogo mwambie, sitakana.

Ukitaka kuninunia, ninunie, ni haki yako. Ila rekodi ile sikuifuta. Ni vibandiko tu vinavyotembea gizani, na mtu mwingine hawezi kujua ni nani, lakini wewe utamtambua kabla hajafika katikati. Nitakuja nayo mwisho wa mwezi. Ukinifungulia mlango tutaiangalia pamoja, mpaka pale anapogeuka na kupunga mkono.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto, na huo mgongo upumzishe.

Ni mimi mdogo wako, uliyenishika mkono nikajifunza kutembea.