Nakala ya Sange

KITUO CHA POLISI, UVIRA
Faili la kifo cha Gaspard Lusambya, mkulima wa Sange

Leo Jumatatu, tarehe 14 Machi 2005, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mbele yangu mimi Evariste Kabunga, ofisa wa upelelezi, amefika shahidi huyu:

Jina: Honorine Feza Mashimango
Umri: miaka 38
Kazi: mwalimu wa kupiga chapa, zamani mwandishi wa Kamati ya Kutafuta Waliopotea
Makao: Mulongwe, Uvira

Ameapa kusema kweli. Amesema kwa Kiswahili kama ifuatavyo:

Nilianza kazi kwenye Kamati mwaka 1999, wakati waasi walikuwa wameshika mji. Tulikuwa na chumba kimoja na kompyuta moja. Watu walikuja kutoka mjini, kutoka bonde la Ruzizi, wengine walishuka kwa miguu toka Rurambo. Walituambia nani amechukuliwa, siku gani, na aliyemchukua ni nani. Mimi niliandika. Mwanzoni mwa mwaka 2002 majina yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Jina la mdogo wangu lilikuwa la mia na tisini. Niliandika kama nilivyoandika mengine.

Mkuu wetu alikuwa Mama Marie-Rose. Mnamo mwezi wa Novemba 2001 alimwita fundi wa kompyuta kutoka Bukavu, jina lake Donatien, atufundishe kuhifadhi kazi. Donatien alisema nakala inayolala chumba kimoja na mashine itaungua pamoja na mashine. Halafu akaniuliza:

"Mama Honorine, weye ukikufa kesho, nani anajua nakala iko wapi?"

Nilisema hakuna.

"Basi andika. Mpango wa kichwani unakufaka na mwenye kichwa."

Niliandika ukurasa mmoja. Kila mwezi CD mbili. Ya kwanza hapa mjini, mtaa wa Rugenge, nyumbani kwa Mama Marie-Rose, ndani ya sanduku la vitenge. Ya pili mbali na mji, ili Uvira ikiharibika yote ibaki hiyo: Sange, nyuma ya soko, kwa Gaspard Lusambya, ndani ya gunia la mpunga. Niliweka majina na mahali, kama fundi alivyotaka. Nikaubandika upande wa ndani wa mlango wa kabati. Donatien aliusoma, akasema ni mzuri. Nilifurahi siku hiyo.

Gaspard alikuwa mkulima wa mpunga, na Jumapili alisoma masomo kanisani. Nilimfahamu kwa sababu jina la baba yake lilikuwa kwenye orodha yetu. Nilipomwomba atutunzie CD aliigeuzageuza mkononi, akauliza kama inakula. Nilisema haili. Akasema, "Basi ilete. Vitu bisivyokula biko na nafasi kwangu."

Mnamo Jumanne tarehe 12 Februari 2002, saa nne asubuhi, nilitengeneza CD za mwezi huo. Ya Rugenge ilitoka vizuri. Ya Sange ilikuwa katikati wakati umeme ulipokatika. Betri ya mashine ilikuwa imechoka, kioo kikawa cheusi. Dakika chache baadaye umeme ulirudi, nikawasha, kile kisahani cha kuwekea CD kikajitokeza chenyewe. CD ilikuwa ya moto. Nje, basi dogo la Sange lilikuwa linapiga honi, na dereva alikuwa amekwisha kuniambia mara mbili kwamba hatanisubiri. Niliandika tarehe juu ya CD, nikaitia kwenye karatasi yake, nikatoka kumpelekea Gaspard. Ile ya Januari nilikuwa nimeichukua kwa Gaspard na kuivunja, kwa sababu mpango ulisema nakala ya zamani isikae.

Nikiulizwa kama niliifungua CD kuangalia kilichomo, ninajibu: hapana.

Mnamo Alhamisi tarehe 21 Machi 2002, saa mbili na nusu asubuhi, kabla sijatengeneza CD za Machi, waliingia ofisini askari saba. Aliyewaongoza ni mtuhumiwa wa faili hili, ambaye wakati ule alikuwa anaitwa Kapiteni Vumbi. Niliijua sura yake, na jina lake lilikuwa kwenye kompyuta yetu mahali pengi. Hakupiga kelele. Aliuliza:

"Ni weye unachungaka ordinatere?"

Nilisema ndiyo, kompyuta ninaitunza mimi. Askari wake wawili walibeba mashine. Mwingine alifungua kabati achukue karatasi, akaona ukurasa wangu. Kapiteni aliusoma akiwa amesimama, mpaka mwisho, kisha akausoma tena.

"Umeandika muzuri," aliniambia. "Sasa hatuna tena kazi ya kutafuta."

Walinipakia kwenye gari. Tulipita kwanza Rugenge. Mama Marie-Rose alifungua sanduku mwenyewe, akatoa CD, akawapa kwa mikono miwili. Hawakumgusa. Watu wanamsema mpaka leo, lakini mimi sina neno juu yake.

Saa nne na robo tulifika Sange. Ilikuwa siku ya soko. Karatasi ilisema nyuma ya soko, na nyuma ya soko kulikuwa na nyumba kama kumi. Kapiteni aliniuliza ni ipi. Aliuliza tena, akasema kama sijui wataanza na ya kwanza waende mpaka ya kumi. Nilionyesha kwa kidole nyumba yenye mlango wa buluu.

Gaspard alikuwa uani na mke wake Célestine, wanaanika mpunga. Kapiteni alimsomea mstari wenye jina lake. Gaspard alisema hana CD na hajui ni kitu gani. Kapiteni akanivuta mbele.

"Na huyu?"

Gaspard aliniangalia, akanikana. Akasema, "Huyu mama minye simujue."

Askari wengine walicheka. Walimwaga magunia yote, mpunga ukajaa ua mzima, na CD haikuwemo. Hapo na mimi nilishangaa. Kapiteni hakumuuliza tena Gaspard. Aliniuliza mimi:

"Iko nayo ao haiko nayo?"

Nilisema, "Iko nayo," yaani anayo. Nilidhani akiitoa wataondoka, kama walivyoondoka Rugenge. Nikamwambia Gaspard, "Wape tu." Hakuniangalia tena tangu hapo.

Waliweka mkono wake wa kulia juu ya kinu, wakatumia mtwangio wa mihogo. Kila mara Kapiteni aliuliza swali lile lile, kwa sauti ile ile. Baadaye mkono wa kushoto. Baadaye magoti. Watu wa soko walikuwa wanasikia, na soko liliendelea. Célestine alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa kibanda cha kuku. Ninakadiria ilikuwa nusu saa. Mwishowe walimpiga kichwani, akalala ubavu juu ya mpunga.

Kapiteni alimwomba Célestine maji ya kunawa. Célestine alisimama, akaleta maji kwenye mtungi, akammiminia. Kapiteni alimshukuru.

Barabarani alinirudishia karatasi yangu. Alisema mimi ni mfanyakazi mzuri, na kama siku moja nikihitaji kazi nimwone. Wakaondoka kuelekea Uvira bila mimi.

Nikiulizwa kama nilirudi uani kumsaidia marehemu, ninajibu: sikurudi. Nilitembea. Kesho yake nilivuka mpaka nikaingia Burundi. Nikiwa Gatumba nilipata habari kwamba Gaspard alifariki Jumamosi tarehe 23, saa sita mchana, wakimbeba kwa machela kwenda hospitali.

Nilirudi Uvira mwezi wa Julai 2003. Tarehe 9 Agosti, asubuhi, Célestine alikuja nyumbani kwangu Mulongwe. Alikuwa na kitambaa kilichofungwa. Ndani yake ilikuwa CD, na karatasi yake bado iko safi. Alieleza kwamba wiki moja kabla ya askari kuja, panya waliingia kwenye gunia, kwa hiyo aliitoa akaiweka chini ya kuku aliyekuwa analalia mayai. Gaspard alijua. Siku ile yeye Célestine alikuwa amekaa mbele ya kibanda hicho.

Aliniambia, "Minye nilikuwa naweza kuitoa. Ilikuwa hapa nyuma yangu. Lakini yeye alikuwa ananiangalia, anakatala na macho."

Nilimwandalia chai. Akaniuliza, "Majina yote iko ndani?"

Nilisema yamo yote.

"Na ya baba mukwe?"

Nilisema na hilo limo.

"Basi," akasema. Akanywa chai, akarudi Sange.

Alipoondoka nilitafuta kompyuta. Kompyuta iliomba niweke CD, na CD ilikuwa ndani. Nilijaribu nyingine, kisha ya tatu. Mwezi wa Septemba nilipanda Bukavu kwa Donatien. Aliishika siku mbili. Aliponirudishia aliniuliza polepole:

"Ulipomaliza, haukuifungua kuangalia?"

Nilimwambia habari ya umeme na basi. Akasema kazi haikufika mwisho, na juu ya CD hiyo hakuna jina hata moja linaloweza kusomeka. Si kwamba iliharibikia kwa Gaspard. Ilitoka ofisini kwangu ikiwa hivyo.

Tangu hapo ninaandika majina upya kwa kukumbuka. Nimepata mia na tatu. Siku zingine linakuja moja, siku zingine ninagundua kwamba nimeandika mtu mmoja mara mbili.

Célestine hajui. Kila tunapoonana ananiuliza kama majina yako salama, na kila mara ninamwambia yako salama. Mwezi jana aliniuliza kama, siku ile, angetoa CD, mume wake angepona. Nilisema hapana, wangemuua tu. Hilo pia sikulijua. Nililisema.

CD ninaikabidhi leo kwa ofisa, pamoja na karatasi ya mpango.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, iandikwe kwamba mimi ndiye niliyeonyesha nyumba na mimi ndiye niliyesema "iko nayo". Mtuhumiwa asibebe peke yake. La pili, sehemu inayohusu CD kuwa tupu isisomwe mbele ya mjane.

Niliyoyajua nimeyasema yote, hakuna aliyenilazimisha. Nimesomewa tena nikayakuta ni yangu, ninatia sahihi.

(sahihi) Honorine Feza M.

Maandishi ya ofisa:

Maelezo yamefungwa saa sita na dakika tano. Vielelezo viwili vimepokelewa: karatasi moja iliyopigwa chapa, CD moja.

Ombi la kwanza limeandikwa. Ombi la pili limekataliwa. Mjane ni mlalamikaji na ana haki ya kujua yaliyomo katika faili lake.

Célestine, mjane wa Lusambya, ameitwa, amefika siku hiyo hiyo saa tisa alasiri. Nimemsomea maelezo yote. Ameomba nirudie sehemu ya CD, nimerudia. Ameulizwa kama ana la kuongeza, amesema hana. Ameomba apewe CD aende nayo Sange. Nimemweleza kwamba ni kielelezo, haiwezi kutoka. Ameomba basi aishike kidogo. Hilo pia nimemkatalia.

(sahihi) E. Kabunga