Bati la Kukinga Joto

Wawi, Chake Chake, Pemba
14 Mfungo Tatu 1379

Dada yangu Mwanapili,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako huko Mombasa, na hali ya shemeji Mmanga na watoto? Kile kikohozi ulichotuandikia kimekuachia? Sisi huku wazima kwa kiasi chetu. Iddi tumesali salama, ila haikuwa Iddi ya kumsimulia mtu. Najua umenikasirikia kwa kimya changu cha miezi miwili, na una haki. Kila nikitaka kukamata kalamu niliona afadhali nikamate spana.

Umeshasikia kwamba Baba hakwenda Makka. Sijui umeambiwa nini wala na nani, kwa hiyo naanza mwanzo.

Unaijua gari ya Bwana Jamnadas mwenye duka Chake, ile nyeusi ya tangu kabla ya vita. Ilikaa bandani kwake miaka minne, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mwezi wa Rajabu alinikabidhi niifanye injini upya, akaniahidi kuwa ikipona, abiria wake wa kwanza atakuwa Baba, nimpeleke Mkoani akapande meli ya Unguja, na huko apande meli ya mahujaji. Nilifurahi utadhani gari nimepewa mimi. Nilibadilisha ringi, nikasaga valvu, kabureta nikaisugua kwa mswaki mpaka Siti akauliza kama nimeoa mke wa pili.

Tabu yake kubwa ilikuwa joto. Injini zile zimetengenezwa kwa nchi za baridi. Bomba la kuingizia petroli na hewa limekalishwa juu ya bomba la kutolea moshi, ili petroli ipate vuguvugu. Kwao ni dawa. Kwetu, ukipanda kilima mchana, petroli inachemka ndani ya kabureta na injini inazima. Tiba yake ni mambo mawili. La kwanza ni pakiti nene ya kutenganisha bomba na kabureta, joto lisipite, ambayo Bwana Jamnadas aliiagiza huko kwenu Mombasa nayo ikachelewa, basi nikakata nyingine mwenyewe kwa asbesto ya zamani, tabaka tatu. La pili ni bati la kukinga joto lisiipande kabureta, na hilo nililikata kwenye debe. Nikaijaribu mpaka Vitongoji na kurudi, jua la utosi, haikukohoa.

Baba mwenyewe alitaka kuondoka Alhamisi kwa gari ya abiria, akalale Mkoani kwa Mzee Kificho, asubiri meli ya Ijumaa. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia haiwi hujaji apakiwe na matenga ya kuku na mwanawe ni fundi. Akacheka, akakubali.

Siku tatu alizunguka Wawi nzima akiomba radhi, nyumba kwa nyumba, kama ilivyo ada ya mtu anayekwenda Hija. Alifika hata kwa Bi Kazija, ambaye hawajasemezana tangu ule ugomvi wa mpaka wa mikarafuu. Mwisho akaja kwangu bandani, akaniomba radhi mimi kwa kunipiga siku ile nilipovunja baiskeli yake. Nilikuwa na miaka tisa, Dada! Mimi nilikwishasahau, yeye hakusahau. Nililia huku nimeshika dumu la oili.

Ijumaa tukaondoka baada ya sala. Meli ilikuwa ya saa kumi, na sisi tulitoka msikitini saa nane kasoro. Mvua ilikuwa imepisha, jua limetoka na hasira zake. Kwenye kilima kabla ya Mtambile injini ikazima. Nikafungua boneti, nikasikia petroli inatokota kama chai. Nikaweka kitambaa cha maji kwenye pampu, tukangoja ipoe. Ikawaka, ikaenda kidogo, ikazima tena. Hapo Pandu akapita na lori lake la magunia, akasimama, akasema Mzee apande mbele. Baba alikwishashika bahasha yake ya paspoti na mguu mmoja uko chini. Nikamwambia asihangaike, sasa hivi itawaka. Akanitazama, akaurudisha mguu ndani. Pandu akaenda zake.

Ilizima mara tano. Tulipofika Mkoani wachukuzi walikuwa wanakunja kamba, na meli imebaki moshi tu. Meli nyingine ilikuwa ya Jumanne. Ya mahujaji iliondoka Unguja Jumapili.

Nikamrudisha Baba Wawi. Baada ya wiki mbili miguu ikaanza kumvimba. Daktari wa Chake alisema moyo umechoka, bahari hataiweza tena, si mwaka huu wala mwakani. Mimi aliniita nje akaniambia zaidi ya hayo, na nadhani umenielewa. Siku ya Arafa Baba alitutaka tumgeuze aelekee kibla, akakaa hivyo tangu adhuhuri mpaka magharibi. Kisha akampa Siti zile nguo zake za ihramu, akamwambia azifue aziweke, ndiyo sanda yake.

Watu wote nimewaambia kosa ni la pakiti iliyochelewa Mombasa. Baba naye anasema ni kadari ya Mungu, na mtu akianza kunisema mbele yake humkatiza.

Dada, si pakiti. Asubuhi ile ya Ijumaa nililifungua bati kwa mkono wangu. Halikuwa na kosa lolote ila kutikisika. Gari ikiwa imesimama na injini inanguruma, bati lilikuwa linalia kidogo kidogo. Nilijua watu watajaa mbele ya msikiti, na Fundi Hamad atakuwepo, yule aliyenifundisha kazi akasema sitafika popote. Sikutaka asikie kelele. Nikalitupa chini ya meza. Na wakati watu wanamkumbatia Baba na kumuombea dua, injini niliiacha inawaka karibu nusu saa, joto linapanda, ili Hamad asikie. Akasikia. Akasema inakwenda kama cherehani. Basi neno hilo ndilo nililokwenda nalo kifuani mpaka kilimani, na kwa ajili yake nikamwacha Pandu aende zake bila Baba.

Wiki iliyofuata nililifunga tena bati, pakiti ni ile ile yangu. Nikaenda Mkoani peke yangu, saa ile ile, jua lile lile. Haikuzima hata mara moja.

Baba aliwaomba radhi watu wote wa Wawi, mimi nashindwa kumuomba yeye mmoja. Nikimwambia, atakufa akijua Hija yake niliiuza kwa sifa ya cherehani. Nisipomwambia, nitamzika na radhi niliyoiiba. Kila usiku nasema kesho, na kesho yenyewe ikifika namkuta amepungua. Nilitaka kukuomba shauri, lakini nikihesabu siku za posta naona jawabu lako halitamkuta.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Siti anakusalimu, na Bi Kazija pia, siku hizi ndiye anayemletea Baba uji. Baba amesikia kwamba nakuandikia, ameniita nikae karibu na kitanda nitie na maneno yake. Anasema: “Mwambie Mwanapili asimlaumu Ahmada. Mwana huyu kanihangaikia mpaka mwisho, mie sina kinyongo naye.” Nimeyaandika kama alivyoyatamka, na yeye akiutazama mkono wangu.

Nduguyo,
Ahmada Shaame