Diski ya Kusubiria Kanda

Jumatatu, 3 Machi
Mashine ya kanda, ya kuhifadhia sauti za redio, inakwamakwama tena. Inaandika kidogo, inasimama, inarudi nyuma, inaanza upya. Mtandao wa Handeni unaleta data kwa matone, na ikikosa cha kuandika inasimama. Kanda zinalika. Mama Neema, bosi wetu hapa redioni, anasema mpya hazinunuliwi.

Jumanne, 4 Machi
Salehe, mwenzangu wa Handeni, ameanza kutuma sauti za Bibi Mwanahamisi wa Sindeni. Hadithi na nyimbo za Kizigua. Bibi alipata kiharusi mwezi uliopita. Hasemi tena. Zilizobaki ni hizi tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa! Data zikusanyike kwanza kwenye diski hapa Korogwe. Diski ikijaa, zimwagwe zote kwenye kanda kwa mkupuo. Nimejaribu kwa vipindi vya zamani. Kanda imezunguka bila kusita. Nimefurahi kama mjinga. Nikaipa diski nafasi kubwa zaidi, kanda isisimame kabisa.

Ijumaa, 7 Machi
Salehe kapiga simu. Kinasa sauti chake kimejaa, kesho ana kazi Kwaluguru.
"Za Bibi zimefika zote?"
"Zimefika."
Zimefika kwenye diski. Kwenye kanda bado, diski haijajaa. Hilo sikulisema. Kazifuta kwenye kinasa sauti chake.

Jumapili, 9 Machi
Radi imepiga. Diski imekufa. Kanda haina hata neno moja la Bibi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeipeleka diski Tanga kwa fundi. Kaifungua, kaitazama. "Dada, hapa hakuna kitu."
Nimempigia Salehe, nikamweleza. Kakata simu.
Sijala. Najichukia.

Jumatano, 12 Machi
Mama Neema kanipa diski nyingine, kasema niipunguzie nafasi, imwage mara kwa mara, niendelee na kazi. Nimepunguza. Inafanya kazi vizuri. Natamani kuivunja.

Jumamosi, 15 Machi
Sindeni. Zaina, binti wa Bibi, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Nikamweleza yote.
"Hata wimbo ule wa kutubembelezea?"
"Hata huo."
Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Niliingia ndani, nikamwamkia Bibi shikamoo. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Nilimshika mkono. Nikashindwa kumwambia.
Nilipotoka, Zaina akanisogezea kigoda na ungo. Tukapukuchua mahindi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.